Safu nne za kaunta buku: mwongozo wa kujifunza maneno ya Kiingereza kwa kusaidiwa na Kichina

Mwaka wa kwanza wa duka langu la spea za pikipiki hapa Mwanjelwa, Mbeya, niliagiza maboksi ya betri. Nasema lile boksi la plastiki linaloshika betri chini ya siti, ambalo bodaboda wa huku hulipasua kila akishuka na ndizi kutoka Tukuyu. Nikamwandikia muuzaji wa Guangzhou kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne: "box battery, 40". Akajibu "OK". Bei ilinishtua kidogo, nikadhani dola imepanda. Mzigo ulipofika nikakuta betri 40, kila moja imelala vizuri ndani ya boksi lake la karatasi.

Sikuwa na wa kumlaumu. Kiswahili kinatanguliza boksi, Kiingereza kinatanguliza betri, nami niliwaza kwa Kiswahili nikaandika kwa Kiingereza. Jioni ile, nikiwa nimekaa juu ya katoni nawaza nitaziuza vipi, nikaona ubavuni mwa katoni maandishi mawili: "BATTERY", na chini yake 电池. Miaka yote nilikuwa nayaruka yale ya Kichina, nikayahesabu kama maua ya kupambia karatasi. Nikafungua kamusi ya simu. 电, diàn, ni umeme. 池, chí, ni bwawa. Bwawa la umeme! Nikatafuta boksi la betri: 电池盒, diànchí hé, bwawa la umeme kwanza, kisanduku mwisho. Mpangilio uleule wa "battery box". Mchina na Mwingereza walikuwa wameongozana njia moja, mimi ndiye niliyekuja kinyumenyume.

Tangu hapo najifunza Kiingereza nikiwa na Kichina pembeni. Najua wapo watakaouliza: lugha moja imekushinda, unaongeza ya pili ya nini? Jibu liko ndani ya hatua zenyewe. Kwa ufupi, Kichina hukuambia neno la Kiingereza linakusudia maana ipi, na mara nyingi hukueleza kitu chenyewe kinafanya kazi gani. Huhitaji kujua kuzungumza Kichina. Njia hii inamfaa mwenye duka kama mimi, kijana anayefanya kazi kwenye viwanda vya kuchakata magogo Mafinga, aliyeko kwenye machimbo ya Chunya au kambi ya barabara, na mkulima wa parachichi wa Rungwe au Njombe.

HATUA YA KWANZA: DAFTARI

Nunua kaunta buku ya kwaya mbili yenye jalada gumu. Daftari la shule halitamaliza mwezi kwenye meza yenye oili. Piga mistari mitatu kwa rula upate safu nne.

Safu ya kwanza ni Kiswahili cha fundi. Andika neno kama linavyotamkwa gereji: shokapu, plagi, rejeta, bisibisi. Usiandike neno la kamusi ambalo hakuna mteja atakayelitaja dirishani. Safu ya pili ni Kiingereza, herufi kwa herufi kama kilivyo kwenye katoni. Safu ya tatu ni herufi za Kichina na pinyin yake, yaani Kichina kilichoandikwa kwa alfabeti hizi tunazozijua. China iliipitisha rasmi mwaka 1958 na watoto wao huanzia hapo darasani. Usiache vile vijistari vya juu ya irabu, nitakuja kueleza kwa nini.

Safu ya nne ifanye pana kuliko zote. Humo utavunja neno la Kichina vipande vipande, kila kipande kwa Kiswahili. Mwenye haraka huiacha tupu, kisha baada ya wiki mbili analalamika kwamba maneno hayakai kichwani.

Kwenye simu weka Pleco, kamusi ya Kiingereza na Kichina. Ile ya bure inatosha, inafanya kazi bila bando, na ukigusa alama ya spika inakutamkia Kichina. Weka pia kibodi inayokuruhusu kuchora herufi kwa kidole, maana neno lililoko kwenye katoni huwezi kulichapa kama hujui linavyosomwa. Usijitese kufanya mazoezi ya mwandiko wa Kichina. Nakili herufi mara moja tu. Unachotaka ni kuitambua ukikutana nayo tena.

HATUA YA PILI: MANENO MATANO KWA SIKU

Yawe ya vitu ulivyovishika kwa mkono siku hiyo. Orodha ya kuanzia A mpaka Z ni ya kulalia usingizi. Nilianza na maneno 20 kwa siku, nikaacha siku ya nne. Matano yanaingia hata siku ya gulio.

HATUA YA TATU: VUNJA NENO

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nitakaa. Huu ni ukurasa wangu wa kwanza:

klachi | clutch | 离合器 líhéqì | achana + ungana + kifaa
plagi | spark plug | 火花塞 huǒhuāsāi | moto + ua + kizibo
pistoni | piston | 活塞 huósāi | yenye uhai + kizibo
kabureta | carburettor | 化油器 huàyóuqì | geuza + mafuta + kifaa
shokapu | shock absorber | 减震器 jiǎnzhènqì | punguza + mtikisiko + kifaa
rejeta | radiator | 散热器 sànrèqì | tawanya + joto + kifaa
bisibisi | screwdriver | 螺丝刀 luósīdāo | skrubu + kisu

Itazame klachi. Miaka kumi nimeuza sahani za klachi, na hakuna aliyewahi kunieleza kazi yake kwa maneno matatu kama hayo: inaachanisha, inaunganisha, ni kifaa. "Clutch" peke yake haikupi chochote cha kushika. Ni sauti tu. Ukiiweka jirani na líhéqì inapata mwili. Pistoni ni kizibo chenye uhai, kizibo kinachotembea. Fundi wangu alicheka siku nzima, na tangu hapo hajakosea kuandika "piston".

Halafu rudi kwenye Kiingereza, ukivunje nacho. Hatua hii wengi hawaifanyi. Kichina kimeshakwambia shokapu inapunguza mtikisiko. Basi "shock" ni ule mtikisiko, na "absorb" ni kuunyonya. Umepata neno la kutumia mahali pengine: udongo unanyonya maji, sponji linanyonya maji, vyote "absorb". "Spark" ni cheche, ndilo ua la moto la Mchina. Na "driver" wa "screwdriver" si dereva wa basi la Rosa, ni kile kinachoendesha skrubu.

Baada ya kurasa chache utaona vipande vinavyojirudia. 器, qì, kifaa, hukutana sana na "-er" au "-or" ya Kiingereza: "absorber", "radiator", na chaja, "charger", 充电器, chōngdiànqì, jaza umeme kifaa. Si kila mara, ila inatosha kukusaidia kubahatisha. 机, jī, ni mashine: simu ni 手机, shǒujī, mashine ya mkononi, ndege ni 飞机, fēijī, mashine irukayo. 车, chē, ni chombo chenye magurudumu: treni ni 火车, huǒchē, gari la moto, kama babu zetu walivyoliita gari moshi. Tenga ukurasa wa vipande hivi nyuma ya daftari.

Herufi zenyewe zina vidokezo. 木, mù, ni mti. Weka miwili, 林, lín, ni kichaka cha miti. Mitatu, 森, na ukiunganisha 森林, sēnlín, ni msitu, "forest". Mtu wa Mafinga anayepita msitu wa Sao Hill kila siku hahitaji kukariri hilo. Alama 钅 kushoto kwa herufi ni ya madini: 铁, tiě, chuma; 铜, tóng, shaba; 银, yín, fedha. Reli ni 铁路, tiělù, njia ya chuma, na TAZARA kwao inaitwa 坦赞铁路, Tǎn-Zàn Tiělù, Tan ya Tanzania na Zan ya Zambia. Reli ile ya kilomita 1,860 ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975, na mzee mmoja jirani yangu aliyebeba mataruma enzi hizo bado anahesabu hadi kumi kwa Kichina bila kukosea. Kiingereza hakikuwahi kumkaa. Anasema hakuna aliyemfundisha akiwa na nyundo mkononi.

HATUA YA NNE: PANGA KAMA KATONI

Kosa langu la betri linaponea hapa. Kiswahili husema pampu ya maji, gurudumu la nyuma, kisanduku cha betri: kitu kwanza, maelezo baadaye. Kiingereza na Kichina vyote hutanguliza maelezo.

"water pump", 水泵, shuǐbèng: maji, pampu.
"rear wheel", 后轮, hòulún: nyuma, gurudumu.
"brake pad", 刹车片, shāchēpiàn: breki, kipande bapa.

Ukiwa na shaka kuhusu mpangilio wa Kiingereza, angalia safu ya tatu. Ukiandika "pump water" umemwambia mtu apampu maji. Fanya zoezi hili kwa wiki moja: chukua vitu kumi vya dukani vyenye "ya", "wa" au "cha" katikati, vigeuze. Neno linalotaja kitu chenyewe hukaa mwisho.

HATUA YA TANO: JIULIZE "IPI?"

Sasa safu ya Kichina inalipa kabisa. Kuna maneno ya Kiingereza ambayo ni gunia. Ndani yake wamo wengi.

Chukua "rice". Mtu wa Kyela ukimwambia mpunga, mchele na wali ni kitu kimoja atakuona mgonjwa. Kiingereza husema "rice" kwa vyote. Mchina yuko upande wetu: mpunga 稻谷, dàogǔ, mchele 大米, dàmǐ, wali 米饭, mǐfàn. Kwenye daftari andika mistari mitatu, na safu ya Kiingereza uikamilishe: "paddy", "rice", "cooked rice". Anayeandika barua ya biashara ya mpunga akitaja "rice" tu ataulizwa bei ya mchele.

"Wood" ni hivyohivyo. Gogo ni 原木, yuánmù, "log". Ubao ni 木板, mùbǎn, "plank" au "board". Kuni ni 柴, chái, "firewood". Plaiwudi ni 胶合板, jiāohébǎn, gundi unganisha ubao, "plywood". Kiwandani Mafinga mtu akikwambia "bring wood", muulize ipi, kwa kuonyesha maandishi.

Na ukoo! Kiingereza kina "uncle" mmoja. Sisi tuna baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, na huwezi kuwachanganya kwenye kikao cha mahari. Mchina naye: 伯伯, bóbo, kaka mkubwa wa baba, 叔叔, shūshu, mdogo wa baba, 舅舅, jiùjiu, kaka wa mama. Shangazi ni 姑姑, gūgu, na dada wa mama ni 姨妈, yímā. Mwingereza wote "aunt". Kwa maneno ya namna hii Kichina na Kiswahili ndio wanaoelewana, Kiingereza ndicho kinachohitaji msaada: "my father's younger brother".

Mara nyingine mambo hugeuka. Mkono wetu ni kuanzia begani hadi kucha. Kiingereza kinatenga "arm" na "hand", Kichina 胳膊, gēbo, na 手, shǒu. Mguu hivyohivyo: "leg", 腿, tuǐ, "foot", 脚, jiǎo. Anayejaza fomu ya ajali kazini asiandike "hand" kama kilichoumia ni kiwiko.

Na kuna sehemu ambazo Kichina hakikusaidii kitu. Kiingereza kina "borrow", kuazima kutoka kwa mtu, na "lend", kumwazima mtu. Sisi tunasema niazime spana, nimeazima spana. Mchina ana 借, jiè, kwa pande zote mbili, kwa hiyo anakosea kama sisi. Vilevile "he" na "she": yeye wetu hana jinsia, na tā ya Kichina hutamkwa namna moja ingawa huandikwa 他 kwa mwanamume na 她 kwa mwanamke. Msimamizi Mchina akimwita fundi mwenye ndevu "she", usicheke. Wewe pia umewahi. Maneno haya yaandike kwa wino mwekundu na uyakariri kwa Kiingereza peke yake.

UKURASA WA "PIGA"

Huu sikuupanga, ulijitokeza. Kichina kina 打, dǎ, piga. Sasa ona: 打电话, dǎ diànhuà, piga simu. 打字, dǎzì, piga chapa. 打针, dǎzhēn, piga sindano. 拍, pāi, ni kupiga kwa kiganja: 拍手, pāishǒu, piga makofi, 拍照, pāizhào, piga picha. Nilipoona hivyo nikaamini Mchina na Mswahili waliwahi kukaa kijiwe kimoja.

Mwingereza hapigi kitu hapo. Ana "call", "type", "inject", "clap", na kwa picha anasema "take". Ukiandika "beat the phone" umeivunja. Andika "piga" zako zote kwenye ukurasa mmoja, weka Kichina pale kinapokubali, na acha wazi pale kinapokataa: piga mswaki na piga pasi hazimo kwenye dǎ. Mwisho safu ya Kiingereza itakuwa na vitenzi kumi tofauti. Ukurasa huu umenifundisha vitenzi vya Kiingereza kuliko chochote nilichosoma shuleni.

LORI AU TRUCK?

Maneno yetu ya gereji tuliyachukua kwa Mwingereza: lori, spana, tochi, boneti, buti, petroli. Karatasi za maelekezo zinazotoka China zinapendelea zaidi Kiingereza cha Marekani, na hapo fundi mzuri anapotea. Lori la "lorry" linaitwa "truck", 卡车, kǎchē. Spana ni "wrench", 扳手, bānshou. Tochi ni "flashlight", 手电筒, shǒudiàntǒng, bomba la umeme la mkononi. Petroli ni "gasoline", 汽油, qìyóu. Boneti ni "hood", buti ni "trunk". Tairi tu ndilo lile lile, ila "tyre" inaandikwa "tire".

Andika yote mawili kwenye safu ya pili. Herufi za Kichina zitabaki zilezile, kwa hiyo ndizo mwamuzi: ukiona 扳手, ni spana, haidhuru Kiingereza kilichoandikwa juu yake.

Mfano ninaoupenda ni wa mezani. Chipsi zetu za kukaanga na mayai, kwa Mwingereza ni "chips", kwa Mmarekani ni "fries". Na "chips" za Mmarekani ni zile kavu za kwenye pakiti. Mchina hana ugomvi: 薯条, shǔtiáo, viazi vya vijiti, 薯片, shǔpiàn, viazi vya vipande bapa.

SAUTI

Pinyin si Kiswahili. Q isome karibu na "ch" nyepesi, x karibu na "sh" nyepesi, zh karibu na "j", c kama "ts". Vijistari vya juu ni toni, na zipo nne: iliyonyooka, inayopanda, inayoshuka kisha kupanda, na inayoanguka. Kama kwenu mnazungumza Kihehe sikio lako limeshazoea sauti ya juu na ya chini kubadili neno, wengine tutahangaika. Kwa mfanyabiashara jozi moja inatosha kumtia adabu: 买, mǎi, ni kununua, 卖, mài, ni kuuza.

Kwa matamshi ya Kiingereza safu ya Kichina haifai kitu. Tafuta kamusi ya simu inayotamka Kiingereza, sikiliza, rudia kwa sauti dukani, wateja watazoea.

NAMBA NA SAA

Namba zimewapotezea watu fedha nyingi kuliko maneno. Kichina kinahesabu kwa makundi ya elfu kumi: 万, wàn. Kwa hiyo wàn moja ni msimbazi mmoja, noti yetu nyekundu. Laki ni wàn kumi, 十万, shíwàn. Milioni ni wàn mia, 百万, bǎiwàn. Mchina anayegeuza bei kichwani kwenda Kiingereza huweza kudondosha sifuri: anataka kusema "three hundred thousand", inatoka "thirty thousand". Nawe unatafsiri laki tatu kutoka kwako. Watu wawili wanatafsiri kwa pamoja, hakuna anayesema lugha yake. Andika tarakimu kwenye kikokotoo, mwonyeshe. Halafu ndipo uitamke kwa Kiingereza kama zoezi.

Jihadhari pia na vidole. Gumba na kidole cha mwisho vikinyooshwa ni 6. Gumba na kidole cha shahada ni 8, ingawa macho yako yanaona viwili. Na 四, sì, ni 4, 十, shí, ni 10. Kwenye kelele za Mwanjelwa zinafanana.

Saa je? Fundi mmoja wa kambi ya barabara aliniahidi atakuja "ten o'clock" kuchukua beringi. Nikamsubiri saa kumi jioni, kumbe alifika saa nne asubuhi nikiwa nimekwenda Kabwe kufuata mzigo. Kiingereza na Kichina vyote vinahesabu toka usiku wa manane na adhuhuri: saa mbili asubuhi ni "eight", 八点, bā diǎn. Ongeza sita au punguza sita, na kwenye ujumbe andika 8:00 pamoja na "a.m.".

Fundi huyo, kwa njia, nilikuwa namwita "mister". Siku nilipomwita shīfu, 师傅, uso ukabadilika. Ndiyo heshima yao kwa mtu wa ufundi, kama sisi tunavyosema "fundi" tukimaanisha heshima. Kiingereza hakina neno la kumwitia. "Mechanic" ni la kutaja kazi yake, si la kumwita.

KURUDIA: VISANDUKU VINNE

Daftari peke yake halitoshi, maana jicho linazoea mahali neno lilipo. Kata vikadi kutoka kwenye katoni. Upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiingereza na Kichina. Tafuta visanduku vinne; mimi natumia vya plagi. Kadi mpya huingia kisanduku cha kwanza, unachokipitia kila siku. Ukipatia, inahamia cha pili, kila siku ya tatu; halafu cha tatu, kila wiki; cha nne, kila mwezi. Ukikosea, hata iwe imefika cha nne, inarudi cha kwanza bila huruma. Mbinu hii ilienezwa na mwandishi wa Kijerumani Sebastian Leitner miaka ya 1970, na programu ya Anki hufanya jambo hilohilo kwenye simu.

Jipime kwa njia tatu: kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na ile inayouma, kutazama herufi za Kichina na kutoa neno la Kiingereza. Hii ya tatu ndiyo utakayoihitaji ukiwa na katoni mkononi.

Kijana anayetaka kwenda mbali zaidi achukue orodha za HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, ambazo hupatikana kwa urahisi zikiwa na tafsiri ya Kiingereza. Kwa mfumo wa zamani ngazi ya kwanza ilikuwa na maneno 150 na ya pili 300. Viwango vilivyotolewa 2021 viliipandisha ya kwanza hadi 500. Anza na zile 150.

KAMERA YA SIMU

Programu za kutafsiri kwa kamera ni nzuri kwa kujua katoni imebeba nini, lakini usihamishie daftarini bila kukagua. Herufi 干 husomwa gān ikimaanisha kavu, na gàn ikimaanisha kufanya. Mashine zilipochanganya hizo mbili, bidhaa zilizokaushwa zilichapishwa matusi kwa Kiingereza na dunia ikacheka. Njia ya kukagua: chukua neno la Kiingereza ulilopewa, lirudishe kwenye Kichina kwa kutumia kamusi. Likirudi na herufi tofauti, usiandike.

KWA WAKULIMA

Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kuuza parachichi mbichi huko mwaka 2022, kwa hiyo neno hili lina thamani. "Avocado" Mchina anaita 牛油果, niúyóuguǒ, ng'ombe mafuta tunda, yaani tunda la siagi. Lina jina la pili, 鳄梨, èlí, pea la mamba, na hata Kiingereza cha zamani kiliita "alligator pear". Kwenye nyaraka unaweza kukuta yote mawili.

Viazi mviringo ni 土豆, tǔdòu, haragwe la udongoni, "potato" au kama tunavyoandika huku "Irish potato"; viazi vitamu ni 红薯, hóngshǔ, "sweet potato". Usiandike "potato" tupu. Kahawa ya Mbozi ni 咖啡, kāfēi, "coffee", hiyo haihitaji maelezo. Chai ya Mufindi na Tukuyu inasisimua: neno letu chai na 茶, chá, ni la ukoo mmoja, limetufikia kwa kupitia nchi kavu na Uajemi, "tea" nalo ni la Kichina, kutoka lahaja ya pwani ya Fujian wanakosema te, likabebwa na meli za Waholanzi. Mwingereza na Mswahili, wote wamenywea kikombe cha Mchina.

Oda yangu ya pili ya maboksi niliiandika hivi: "battery box, plastic, empty, 40 pcs", mstari wa chini 电池盒, mstari wa tatu 空, kōng, tupu. Nikaambatanisha picha ya boksi lililopasuka, mbele na nyuma, na rula pembeni. Yakaja maboksi 40. Zile betri nilizimaliza miezi saba baadaye, ya mwisho ikanunuliwa na fundi wa redio kutoka Mbalizi.